Siku kumi Tahiti, Moorea na Bora Bora: visiwa safi, kifurushi hapana

Nianze na swali la mama, maana kila mtu ameniuliza hilohilo tangu turudi. Nilimpigia kutoka Moorea saa mbili asubuhi. Kwake Tanga ilikuwa saa tatu usiku, siku hiyohiyo. Nikamwamkia, nikamsimulia: minazi, mishelisheli, magimbi, samaki wa kila rangi. Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, nauli yote hiyo, umetoka pwani kwenda pwani?"

Jibu la kweli ni kwamba Septemba 2023 tulikuwa tunakwenda Los Angeles kwa wifi yangu, na kutoka pale hadi Papeete, mji mkuu wa Tahiti, ni kama saa nane na nusu tu za ndege. Ukiangalia ramani ukiwa Dar, Tahiti iko mwisho wa dunia. Ukiwa Los Angeles inaonekana jirani. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, mume wangu akasema twende, nikasema twende kabla hujabadili mawazo.

Tukanunua kifurushi cha siku kumi kwa wakala wa mtandaoni, ambaye simtaji: hoteli, ndege za ndani, na "usafiri wote". Hayo maneno mawili yaangalieni, nitayarudia.

Kwanza viza. Visiwa hivi vyote vimo Polynesia ya Kifaransa, eneo la ng'ambo la Ufaransa kwenye Pasifiki, lakini haimo ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Wenye pasipoti ya Tanzania tunaomba viza kupitia ubalozi wa Ufaransa, na lazima iwe ya huko huko visiwani. Wakala alituambia tuombe Schengen ya kawaida. Bahati yetu nilisoma fomu mwenyewe nikaona kuna sehemu ya kuchagua maeneo ya ng'ambo. Tungemsikiliza yeye, tungekwama uwanjani Los Angeles na mabegi yetu. Kitu kingine ambacho hakukitaja kabisa: ukipitia Marekani, viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana wakati wa kurudi unaingia tena.

Pili, ndege yetu ilitua Papeete saa nne usiku. Chumba alichotulipia usiku ule kilikuwa Moorea. Moorea ni kisiwa kingine, kilomita 17 ng'ambo ya maji, na pantoni ya mwisho ilishaondoka kitambo. Nikamwandikia. Akajibu kesho yake mchana kwamba "wageni wengi hufurahia usiku mmoja Papeete". Tuliufurahia, ndiyo, kwa hela yetu, huku chumba cha Moorea kikilala kitupu na kimelipiwa. Ndege nyingine hutua alfajiri. Ukiweza pata hiyo, unashuka na kwenda bandarini moja kwa moja.

Ila usiku ule ndio uliotupeleka Vai'ete. Ni uwanja wa pale ufukoni Papeete, jioni magari ya chakula yanajipanga, wao wanayaita roulottes, watu wanakaa kwenye viti vya plastiki. Kwa mtu aliyezoea Forodhani utajiona nyumbani, tofauti ni kwamba hapa kuna tambi za Kichina karibu kila gari, kwa sababu Wachina wako visiwani tangu karne ya 19. Asubuhi yake nilikuta watu wanakula mkate mrefu wa Kifaransa uliojazwa tambi hizohizo. Mume wangu alikula miwili. Sisi hatuli nguruwe, na huko nguruwe wanampenda sana, kwa hiyo uliza kabla hujauma. Samaki wamejaa, huwezi kulala njaa.

Kuhusu hela: wanatumia faranga ya Pasifiki, imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 119.33, haipandi haishuki. Bei zitakuuma, kwa sababu karibu kila kitu kinakuja kwa meli. Kilichotuokoa ni mkate, ambao bei yake inapangwa na serikali, na bidhaa za lazima dukani. Bahashishi si desturi yao, usijilazimishe. Na Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua maji Jumamosi.

Pantoni ya Moorea naisifu bila kinyongo. Inaondoka mara kadhaa kwa siku, unakata tiketi bandarini, nauli yetu ilikuwa chini ya faranga 2,000 kwa mtu, na nusu saa na ushee umefika Vaiare, bandari ya Moorea. Fikiria boti ya Zanzibar lakini fupi na bila purukushani ya bandarini Dar. Katikati ya mkondo kuna mawimbi. Kama tumbo lako ni jepesi kaa nje, nyuma.

Sasa hii ndiyo iliyonichekesha, ingawa wakati ule sikucheka. Huko nyumba hazitafutwi kwa namba ya mtaa. Zinatafutwa kwa jiwe la kilomita, PK, halafu unaambiwa iko upande wa bahari au upande wa mlima. Karatasi ya wakala iliandika "PK 14, upande wa bahari". Safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba Moorea mawe yanahesabiwa kutoka Temae, penye uwanja wa ndege, kwenda pande zote mbili za kisiwa, kwa hiyo kuna PK 14 mbili. Dereva akatuuliza ipi. Tukatazamana. Tukaenda ya kusini, tukamkuta mzee anaparua samaki uani kwake, wala hakushangaa. Alinyoosha kisu kuelekea ng'ambo ya mlima. Ikabidi kugeuza kurudi hadi kaskazini, na mita ya teksi nayo inasoma. Wewe ukipewa anwani Moorea, uliza na kijiji.

Nyumba yenyewe ndiyo kitu bora cha safari nzima. Wanaziita pension, ni nyumba za wageni za kifamilia, vibanda vinne vitano uani kwa wenyewe. Mwenyeji wetu alikuwa mama mtu mzima, ua la tiare sikioni tangu asubuhi, Kiingereza chake kidogo na Kifaransa changu kidogo zaidi. Siku ya pili nikamkuta nyuma ya jiko amekalia kigoda cha mbao chenye chuma cha meno mbele, anakuna nazi. Nikasimama pale kama niliyeona ndugu. Mbuzi! Mbuzi ya bibi yangu kabisa, isipokuwa yake haikunjiki. Nikamwomba kwa ishara anipishe. Akaniangalia, akasogea, na nilipoanza kuzungusha kifuu mkononi akapiga kofi pajani, akaita binti yake aje kutazama. Nazi tatu nilizikuna mimi. Tulipofika kukamua, yeye hatii maji, anakamua kavu kwa kitambaa, linatoka tui zito tupu. Tukakata jodari mbichi vipande, ndimu, chumvi, tango, nyanya, tui juu. Jina lake ia ota. Mume wangu, mtu wa Singida, alisema samaki mbichi hali. Akaonja kwa heshima ya mwenye nyumba. Kuanzia siku ile akawa anaulizia asubuhi kama leo ipo.

Asubuhi kulikuwa na firifiri, unga wa ngano uliokandwa na tui na kukaangwa, umbo la nane. Ni maandazi, tusidanganyane, ila hayana iliki.

Moorea tulitembea bila wakala: pwani ya Temae ambayo ni ya umma, bonde la Opunohu na mashamba yake ya mananasi, na maji yaliyo ndani ya ukuta wa matumbawe, ambako samaki taa na papa wadogo wenye ncha nyeusi wanapita karibu na miguu yako. Nilipiga kelele, sitaki kuficha. Septemba ni msimu wa nyangumi, tulimwona mmoja kwa mbali kutoka pantoni. Kiangazi chao ni Mei hadi Oktoba. Nje ya hapo mvua.

Bora Bora ndipo "usafiri wote" ulipokwisha nguvu. Uwanja wa ndege uko kwenye kisiwa kidogo pembeni, Motu Mute. Wamarekani waliujenga 1943 wakati wa vita. Kwa hiyo ukishuka ndege unapanda boti. Shirika la ndege lina boti ya bure hadi kijiji cha Vaitape, lakini hoteli yetu ilikuwa kwenye kisiwa kingine kidogo na boti yake ni ya kulipia. Kwa wawili, kwenda na kurudi, ilikaribia bei ya usiku mmoja pale Moorea. Wakala aliponijibu alisema usafiri maana yake ni ndege.

Kibanda juu ya maji ni kizuri, sikatai. Kuna kioo sakafuni, unaona samaki ukiwa kitandani, na mbele yako mlima Otemanu, mita 727, unabadilika rangi jioni. Lakini siku ya pili nilijikuta nimekaa nauangalia ule mlima kama televisheni, na glasi ya juisi niliogopa kuagiza nyingine. Mtu aliyekua bara labda atasikia vingine. Mimi niliyekua nikiogelea Raskazone, kulipa bei ile ili nione maji chini ya kitanda ilinishinda kuelewa. Siku mbili zingetosha, au hata moja, au ubaki Moorea.

Wakala tumemdai hela ya chumba cha usiku wa kwanza. Karibu mwaka mzima jibu lake lilikuwa "linashughulikiwa".

Mama nilimletea chupa ya monoi, mafuta mashuhuri ya Tahiti, nikaitunza katikati ya nguo safari nzima. Akafungua, akanusa, akapaka kidogo mkononi, akanusa tena. "Si mafuta ya nazi haya, wamelowekea maua?" Nikasema ndiyo, mama, ni hayo hayo.