Union Version ya 1952 kwenye Yeremia 1: pazuri na panapokwaza

Mwalimu wa Biblia anayeandaa somo la wito wa Yeremia, mara nyingi atakuwa na Union Version mkononi, ile tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 kuwaunganisha waliokuwa wakisoma tafsiri ya Unguja na waliokuwa wakisoma ya Mombasa. Sura yenyewe ni fupi, aya 19 tu. Swali la uhakiki huu ni moja: je, inatosha peke yake kufundishia sura hiyo? Jibu ni karibu inatosha, ila kuna sehemu nne zinazohitaji mwalimu aingilie kati.

Tuanze na sifa. Kwa kusomwa kwa sauti mbele ya watu haina mpinzani. Aya ya 10, "kung'oa, na kubomoa, na kuharibu, na kuangamiza, ili kujenga na kupanda", inakwenda kwa mapigo ya Kiebrania chenyewe: vitenzi vinne vya kuvunja, viwili vya kujenga. Hesabu hiyo ni somo tosha kwa anayedhani kuitwa ni kubariki watu tu. Na maneno hayo yanafuatilika. Ukiwa na kalamu, pigia mstari kung'oa na kupanda katika 1:10, kisha nenda 24:6, 31:28 na 45:4. Utaona wito wa siku moja ukigeuka uti wa mgongo wa kitabu kizima. Aya ya 17 nayo ina ufundi ambao wengi hawauoni: "usifadhaike kwa ajili yao, nisije mimi nikakufadhaisha mbele yao". Kiebrania kinacheza na mzizi mmoja mara mbili, na watafsiri wamekubali kucheza nao. Hapo wanastahili pongezi.

Sasa matatizo. Zito kuliko yote liko aya ya 6: "mimi ni mtoto". Msikilizaji wa leo anamwona mvulana wa shule ya msingi, na mahubiri yanageuka kuwa ya Siku ya Watoto. Neno la Kiebrania, naar, ni pana mno: Musa wa miezi mitatu kwenye kisafina anaitwa hivyo, Yusufu wa miaka 17 anaitwa hivyo, hata Yoshua mtumishi wa Musa. Yeremia anasema hana umri wala uzoefu wa kusimama mbele ya wakubwa. Tafsiri ya Habari Njema hutumia "kijana", na kwa aya hii ndiyo bora. Angalia pia kwamba Mungu habishani naye juu ya umri. Hamwambii "umekomaa", anamwambia "Usiseme", kisha anataja pa kwenda na la kusema. Musa katika Kutoka 4:10 alijitetea kwa uzito wa ulimi, naye hakuambiwa kuwa ni msemaji hodari. Aya hizo mbili zisomwe pamoja.

Aya ya 5 ina "nalikutakasa". Wengi husikia kusafishwa dhambi, wakati maana ni kutengwa kwa kazi, kuwekwa wakfu. Utakaso wa dhambi uko Isaya 6, kwenye kaa la moto lililogusa midomo. Walimu huzichanganya sura hizi mbili kila mara. Dawa imo katika Biblia hiyo hiyo: Wagalatia 1:15, Paulo anaposema "aliyenitenga tangu tumboni mwa mama yangu". Na hilo "nali-" la zamani vijana hulikwaa. Waambie mapema ni "nili-".

Aya ya 11 na 12 zinapotea kabisa. "Naona ufito wa mlozi", kisha "ninaliangalia neno langu". Uhusiano uko wapi? Uko katika sauti: mlozi ni shaked, mwenye kukesha ni shoked. Mlozi ndio mti unaotangulia kuchanua katika nchi ile, miti mingine ikiwa bado imelala. Kiswahili hakiwezi kuubeba mchezo huo, sawa, lakini "ninaliangalia" ni hafifu. Mtu huweza kuangalia huku amekaa tu. "Niko macho juu ya neno langu" ingesaidia.

Ya nne ni chungu cha aya ya 13, ambacho mdomo wake "unaelekea toka kaskazini". Kuelekea toka? Maana yake kimeinama kutoka kaskazini, kikimwagia kusini. Hapa fungua ramani: Babeli iko mashariki, lakini jeshi halikati jangwa. Linapanda na mto Frati, linashuka kupitia Shamu, linaingia Yuda kutoka kaskazini.

Kosa la watumiaji, wala si la tafsiri, ni kuishia aya ya 10. Aya ya 5 inaandikwa kwenye kadi za kuzaliwa kana kwamba kila mtoto ni nabii wa mataifa, na ya 10 inakuwa silaha ya maombi ya kung'oa maadui. Lakini kifaa pekee alichopewa Yeremia ni maneno kinywani, na wa kwanza kuyasikia ni wafalme, wakuu na makuhani wa Yuda kwao, akina yeye: alikuwa wa ukoo wa kikuhani wa Anathothi, kama kilomita 5 tu kutoka Yerusalemu. Aya ya 19 haimwahidi raha: watapigana naye, ila hawatamshinda. Gawa somo mara mbili, 1–10 na 11–19, na la pili lisiahirishwe. Soma pia 25:3: miaka 23 ya kunena, na hawakusikiliza.

Ukienda dukani, usianze na jalada wala zipu. Fungua Yeremia 1, tazama kama kuna marejeo yanayokupeleka Wagalatia 1:15 na kama herufi zinasomeka kwa mwanga wa taa ya kanisani. Nakala za mfukoni hufeli mtihani wa pili. Kwenye simu, programu ya YouVersion inayo tafsiri hii bure, ila kufuatilia "kung'oa" sura kwa sura bado ni rahisi zaidi kwa karatasi na kalamu.