Kebini imetulia: kazi ya fundi wa Tabata

Naendesha lori ambalo injini iko chini ya kebini, njia ya Dar–Tunduma. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nikifika Mbeya masikio yanavuma kama nimeshinda kwenye mashine ya kusaga, na mimi na utingo wangu tunaongea kwa kupigiana kelele.

Nikalipeleka kwa fundi wa Tabata apunguze kelele ndani ya kebini. Nilimpenda kwa sababu hakukimbilia kubandika shiti za kuzuia kelele. Aliinua kebini kwanza, akanionyesha bushi zake, zile raba ambazo kebini inakalia: raba imepasuka, imekuwa ngumu kama kwato. "Mtetemo unapita hapa, kaka. Ukibandika juu yake umetupa hela." Akabadilisha zote nne, akaweka raba mpya za milango, ndipo akalaza shiti za lami sakafuni na ndani ya milango, akizisugua kwa rola mpaka hewa ikaisha. Juu ya injini aliweka sponji isiyoshika moto.

Mlima Kitonga nimepanda nikisikia redio! Mngurumo wa matairi umepungua, haujaisha. Harufu ya lami ilikaa wiki nzima, hasa juani. Hilo angeniambia mapema. Kama hela haitoshi, anza na bushi na raba za milango, shiti zisubiri.