Uzoefu wangu: kongamano letu Bethlehem, na lifti iliyomnyima mama mkubwa chai

Nimekaa na hasira hii tangu kiangazi. Nimeanza kuandika nikafuta, nikaanza tena nikafuta, nikijiambia ule ni ukumbi tu, watu walikula, wakaimba, wakarudi makwao salama. Lakini kila nikimpigia simu mama mkubwa namwona tena juu ya kile kiti, kafumba macho, na yote yanarudi.

Bethlehem ninayoisema ni ile ya Pennsylvania, Marekani, mji ulioanzishwa mwaka 1741 na Wamoravian, waumini wa kanisa la Kiprotestanti la Moravian. Sisi tuliotoka Rungwe, Mbeya na Tabora tumelelewa na kanisa hilo hilo, kwa hiyo kamati ilipotafuta mahali pa kongamano la familia na wanakwaya wa Kitanzania tunaoishi huku, watu mia na ishirini hivi, hakuna aliyebisha. Kazi ya kutafuta ukumbi nikapewa mimi.

Niliupata kwenye jengo la kale. Wenyewe siwataji. Ukumbi uko juu, kwa hiyo swali langu la kwanza, hata kabla ya bei, lilikuwa wazee watapandaje. Wakajibu kwa maandishi kwamba lifti ipo. Nikatuma arbuni. Wiki chache kabla ya siku yenyewe nikauliza tena, wakajibu vilevile, nikamalizia fedha zote.

Asubuhi ya siku ya kwanza tunafika, mlango wa lifti umebandikwa karatasi: haifanyi kazi. Karatasi yenyewe imeshapauka, kona zimejikunja. Nikamwuliza dada anayesimamia ukumbi imeharibika lini. Akasema tangu kabla majira ya baridi hayajaisha. Hakuona haya. Nikamkumbusha barua zake mbili. Akajibu, "Hili ni jengo la kihistoria, mlipaswa kutegemea hivyo."

Nirudie ili ieleweke. Walijua. Walipopokea fedha zetu za mwisho walikuwa wanajua lifti imekufa, na wakaniandikia kwamba ipo. Ni kweli ipo, iko pale ukutani. Lakini mtu anayeuliza kwa ajili ya wazee haulizi kama kuna kisanduku ukutani.

Mama mkubwa ana miaka themanini na moja, anatembea kwa mkongojo, magoti yamechoka. Ngazi zile ni za mbao, nyembamba, zimelika katikati. Vijana wanne wakamketisha kwenye kiti wakamnyanyua. Mjane mtu mzima, kavaa kitenge chake kipya alichokishonesha kwa siku hiyo, anabebwa mbele ya wajukuu, mkono mmoja umeng'ang'ania kiti, mwingine unashika nguo isipande. Hakusema neno. Na yule dada, akiwa chini, akapaza sauti: "Angalieni hicho kishikio cha ngazi, ni cha asili!"

Kishikio! Ningemsamehe lifti. Vyuma vinaharibika. Hilo la kishikio sijaweza kulisamehe, na nimejaribu.

Nilidhani hapo ndipo pabaya palipoishia, kumbe bado. Choo kilikuwa chini. Saa nne chai ikaletwa, na maandazi yaliyokaangwa usiku kucha na akina mama wa kamati. Mama mkubwa akakataa. Mchana akala kidogo, maji akayasukuma kando. Alasiri nikamletea kikombe mwenyewe, akanivuta sikio akaninong'oneza, "Mwanangu, nikinywa itabidi nibebwe tena." Alikaa na kiu kutwa nzima, mama anayependa chai kuliko yeyote ninayemjua, akipiga makofi kwaya zikiimba kana kwamba hana shida yoyote. Mada zilizotolewa siku hiyo sizikumbuki. Nakumbuka kikombe kile kinapoa.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mji huu ulijengea wajane nyumba yao mwaka 1768, na jengo lile bado limesimama. Wamoravian wa kwanza waligawanyika kwa makundi, wavulana peke yao, wasichana peke yao, wanandoa, wajane, kila kundi likitunzwa kwa mahitaji yake. Urithi huo ndio ukumbi ule unaoutangaza kwenye vipeperushi vyake, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji kwenye urithi wa dunia pamoja na Herrnhut ya Ujerumani na Gracehill ya Ireland Kaskazini. Mgeni atakubali uhifadhi mbao za asili. Lakini waliozichonga mbao hizo walimtafutia na mjane mahali pa kukaa.

Basi nilikusudia kuandika kwa kifupi: msiende Bethlehem. Nilikuwa nimeshaamua.

Kesho yake, kabla ya kikao, mama mkubwa akaomba apelekwe makaburini. Pale katikati ya mji kuna makaburi ya kale walimozika watu tangu 1742 hadi 1910. Mawe yote yamelazwa chini, yanafanana, hakuna la tajiri lililosimama juu ya la maskini. Wamezikwa kwa makundi yale yale waliyoishi, si kwa koo. Humo wamo Wajerumani, wamo wenyeji asilia wa Marekani, wamo Waafrika. Ardhi ni tambarare, nyasi fupi. Alitembea mwenyewe kwa mkongojo wake, hakuna aliyemgusa.

Kwetu Pasaka huwa tunakwenda makaburini alfajiri na matarumbeta, jua linachomoza tukiimba. Akasimama kwenye jiwe moja, akaanzisha wimbo kwa Kinyakyusa, vijana wakaitikia. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa anapita akasimama mpaka tukamaliza. Alipoambiwa tumetoka Tanzania, akavua kofia. Alijua kwamba Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote wako kwetu. Akatueleza kwamba matromboni ya mji wao yanapigwa tangu 1754, akampa mama mkubwa mkono akasema, "Karibu nyumbani." Mama mkubwa akalia, na mimi pia.

Kwa hiyo siwezi kusema msiende. Nendeni. Epukeni tu Agosti wakati wa Musikfest, tamasha kubwa la muziki la mji huo, vyumba hamtapata, na Desemba pia mji hujaa watu wa Krismasi. Ukumbi wowote wa kale, usikubali barua. Tuma mtu aingie kwenye lifti, abonyeze, apande, ashuke. Ulizeni choo kiko wapi. Na ule ukumbi wetu, hapana, hata wakitupa bure. Nimewaandikia mara tatu kudai sehemu ya fedha zetu, sijajibiwa.

Juzi mama mkubwa kanipigia: "Tunarudi lini kule kwa waliolala sawasawa?" Anayejua ukumbi wa chini kabisa mjini hapo, usio na ngazi hata moja na wenye choo karibu, naomba aniambie.