Gitaa la supamaketi na gitaa la kichochoroni: uzoefu wangu Kisumu

Binti yangu alikaribia kuacha gitaa kwa sababu ya milimita mbili. Ana miaka 12. Kwa miezi mitatu alilalamika kuwa vidole vinamuuma, na kwa miezi mitatu mimi babake nilimjibu kuwa hana bidii. Naandika hasa kwa ajili ya mzazi mwingine wa Kisumu, Kakamega au Nakuru ambaye Desemba ijayo ataingia dukani na shilingi elfu saba mfukoni, ameshikana mkono na mtoto mwenye hamu.

Kwetu ni Kisa, upande wa Khwisero. Mtoto wa Kisa hakui bila kusikia habari za mpiga gitaa George Mukabi na mtindo wa omutibo: kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na mtu wa pili anagonga chupa ya Fanta yenye mistari. Marehemu baba alikuwa na gitaa. Mimi nilikuwa mtu wa chupa. Ndiyo maana sauti ya gitaa naijua vizuri, lakini gitaa lenyewe, mbao na nyuzi zake, sikuwahi kulijua.

Gitaa la kwanza tulilinunua Desemba ya mwaka juzi, katika supamaketi moja kubwa yenye matawi katika miji mingi. Bei shilingi 6,500. Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko mwembamba, mkanda wa begani, kipiki kimoja (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) na seti ya nyuzi za akiba. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na mtoto alilipenda papo hapo. La maonyesho lilining'inia kati ya baiskeli za watoto na mabegi ya shule. Letu lilitoka stoo likiwa limefungwa kwa gundi ya karatasi. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na heshima zote. Ila alikuwa ametoka kuuza blenda, na baada yetu alikuwa anaitwa kwenye redio. Nilipomuuliza kama ataweza kutufungulia boksi na kulituni, alisema hilo huwa mteja anajifanyia nyumbani, kuna programu za simu. Nikalipa kwa M-Pesa, nikachukua risiti, tukaondoka tumefurahi.

Nyumbani tulilituni kwa simu. Nyuzi zilikaa. Kordi ya E ndogo (kordi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ilitoka, G ikatoka kwa taabu, C ikawa vita. F hatukuigusa kabisa. Mtoto alikuwa na mistari myekundu kwenye ncha za vidole, mingine imepasuka. Nilimwambia akazane, vidole vitazoea. Kuna kitu kingine kilichonisumbua na sikukielewa: hata alipobonyeza vizuri, kordi zilisikika kana kwamba gitaa linabishana na nafsi yake, ilhali nyuzi zikiachwa wazi ziko sawa. Nilidhani sikio langu limechoka. Mwezi wa Machi, mvua zilipoanza, hali ilizidi kuwa mbaya. Siku moja nilikuta gitaa limesimamishwa nyuma ya mlango wa stoo, juu yake kumetundikwa mwavuli.

Nililirudisha supamaketi. Kwenye kaunta ya huduma nilielezwa, tena kwa upole, kwamba muda wa kurudisha bidhaa ni siku saba na kwamba hakuna kilichovunjika. Na kweli hakuna kilichokuwa kimevunjika.

Mwenzangu kazini, anayepiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa lao, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye duka kwenye kichochoro karibu na Oginga Odinga Street. Duka lenyewe ni dogo kuliko jiko letu. Magitaa saba au manane ukutani, vinanda viwili, spika zilizofunguliwa matumbo, na meza yenye rula ya chuma, msasa na tupa ndogo ndogo. Nilikwenda na binti yangu Jumamosi asubuhi.

Mzee hakuuliza tulilinunua wapi. Alilituni kwanza. Kisha akaliinua hadi usawa wa jicho, akatazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Akaweka rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatisha shingo), akapima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa sita, ule mnene. Milimita 4 na nusu.

"Mwalimu, huyu mtoto anapiga kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Na bado hajaacha?" Kisha akamgeukia yeye, si mimi. "Mama, vidole vyako havina kosa."

Binti yangu alinitazama. Sikuwa na la kusema, na tulipofika nyumbani nilimwomba msamaha.

Alichonifundisha yule mzee ndani ya saa moja na nusu ndicho ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Gitaa la bei nafuu likitoka kiwandani huwa halijamalizwa. Kiwanda huacha nyuzi zikiwa juu makusudi, kwa kuwa zikiwa chini mno zitagusa freti na kunguruma, na mteja akisikia mngurumo dukani hanunui. Kazi ya kuzishusha hadi kiasi kinachofaa, milimita 2 na nusu hivi kwa uzi mnene na karibu 2 kwa uzi mwembamba, huachiwa muuzaji. Kama muuzaji ni fundi, anaifanya. Kama muuzaji ni rafu, hakuna anayeifanya, na deni hilo linalipwa na vidole vya mtoto.

Ile sauti ya kubishana nayo ilipata maelezo. Uzi ulio juu sana, unapoubonyeza mpaka ufike kwenye freti, unauvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Kwa hiyo gitaa lililotuniwa sawasawa nyuzi zikiwa wazi linakosea mara tu unapoweka kordi. Sikio langu halikuwa limechoka.

Kuhusu mvua pia alikuwa na jibu. Mbao hunywa unyevu. Uso wa gitaa ukinywa, unavimba kidogo, daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya uso, linainuka na nyuzi zinapanda nalo. Kisumu tuko kando ya ziwa, mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, na wakati wa masika hata chumvi kwenye kopo inashikana. Shemeji yangu anaishi Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, na yeye ana tatizo kinyume na letu: Januari na Februari hewa inapokauka, uso wa gitaa lake unanywea, nyuzi zinashuka na kuanza kunguruma.

Kazi yenyewe niliitazama yote. Alilegeza nyuzi, akaingiza kifunguo chembamba kwenye tundu, akazungusha chuma kilichofichwa ndani ya shingo robo mzunguko tu. Akachomoa kile kijiti cheupe ambacho nyuzi hulalia kwenye daraja, akakisugua upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Hapo alinionyesha hesabu niliyoifurahia sana: freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi, kwa hiyo ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, unapunguza milimita 2 kwenye kijiti. Akamalizia na vijia vya nyuzi kule karibu na kichwa kwa tupa nyembamba kama waya. Gharama yote shilingi 1,500, pamoja na nyuzi mpya nyepesi, namba 10.

Kasoro moja hakuiondoa, na hakudai kuwa ameiondoa. Aligusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ukatoa ile sauti ya kengele. Kisha akaubonyeza palepale. Sauti mbili hizo zinapaswa kufanana. Kwa gitaa letu zilitofautiana, kwa sababu daraja lilibandikwa pasipo pake tangu kiwandani. "Freti tano za kwanza litakutii," alisema. "Kule juu, usilitegemee."

Mwezi wa Agosti tulirudi kununua gitaa la pili. Tulichukua Yamaha F310 iliyotumika, shilingi 14,000 baada ya mazungumzo, alianzia 16,500. Kabla hatujalipa, mzee alimulika tochi kwenye ukingo wa tundu la sauti, akamwonyesha binti yangu jinsi ya kutambua uso wa plaiwudi: mistari ya mbao ya juu haiendelei kwenye ukingo, unaona tabaka. Kwa ubao mmoja mzima, mistari huingia ndani moja kwa moja. Hili la Yamaha ni plaiwudi, alisema waziwazi, sauti yake haitakomaa kama ya ubao mzima, lakini kwa mtoto anayelibeba kwenye matatu na kukaa karibu na ziwa, plaiwudi inavumilia zaidi. Angeweza kunyamaza tu na mimi nisingejua kamwe. Binti yangu alilipima mwenyewe kwenye freti ya 12, kwa rula yake ya shule, mzee akimngoja bila kumharakisha. Siku ile aliweka F. Haikuwa safi, lakini ilikuwa F.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kila duka dogo ni kama lile. Miaka ya nyuma, huko Kakamega, rafiki yangu aliuziwa gitaa la nyuzi za nailoni lililofungwa nyuzi za chuma ili lionekane la kisasa. Seti ya nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Ya chuma hufika kilo 70 au zaidi. Daraja lilianza kung'oka ndani ya wiki tano, na mwenye duka alisema alishalipokea likiwa hivyo na hana risiti ya kumpa. Duka dogo likiwa baya, ni baya kabisa, kwa kuwa huna kaunta ya kwenda kulalamikia. Hata kwa mzee wangu, risiti niliiomba mara mbili ndipo akaandika kwa mkono. Na lile suala la bei kupanda na kushuka kulingana na sura yako, mimi halinipendezi. Supamaketini angalau mimi na mbunge tunalipa 6,500 ileile.

Lakini ile imani kwamba duka kubwa ndilo lenye dhamana ya kudumu, naomba tuipunguze. Nakumatt ilianzia Nakuru ikiuza magodoro, ikaenea nchi nzima, na 2020 ikafungwa. Huko Marekani, Guitar Center, kampuni yenye maduka mengi ya ala kuliko nyingine yoyote nchini humo, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Novemba mwaka huohuo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nayo. Hayo maelezo ndiyo niliyoyakosa kwenye duka kubwa. Hakuna aliyenidanganya pale. Ila hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, gitaa lenyewe nunua mahali ambapo muuzaji analichukua na kulituni kabla hujamwomba. Nimejaribu kipimo hicho kwenye maduka manne ya Kisumu na mawili ya Nakuru, na hakijaniangusha. Anayelituni bila kuombwa huwa pia anayo rula. Anayekuambia nyuzi "zitashuka zenyewe ukizoea", muage kwa adabu uondoke. Supamaketi naenda kwa ajili ya stendi ya karatasi za nyimbo, mfuko na betri, na kwa hizo sina lalamiko hata moja. Na kama tayari umenunua lile la 6,500, usilitupe wala usimlaumu mtoto. Tenga 1,500 juu yake umpelekee fundi, utakuwa umetumia 8,000 na utakuwa na gitaa linalopigika.

Lile jeusi sasa liko kwa mpwa wangu Khwisero, anajifunzia besi za kidole gumba kwenye freti zile tano za kwanza, na kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni, nimemkataza. Hili la Yamaha tunalo hapa. Mzee ametuambia tulirudishe mwishoni mwa Mei, masika yakikata, na tusilegeze nyuzi kabla ya kulileta, ili aone mvua imelifanya nini.