Vindolanda nzuri, mwongozaji wetu mtihani

Tulilipia safari ya siku moja kutoka Newcastle kwenda Vindolanda, magofu ya ngome ya Warumi wa kale kaskazini mwa Uingereza. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Ngome sina neno nayo. Kilichonichefua ni yule mwongozaji.

Ndani ya ngome alituweka weee: makao makuu, maghala, vyoo vya askari, kila jiwe na mzaha wake. Tulipotoka lango la magharibi kuingia kijiji cha raia, kile hasa nilichokifuata mimi, akaanza kutupigia makofi kama anafukuza kuku. Nikamuuliza kwa adabu zote kama vile vyumba vyembamba vilivyoelekea barabarani vilikuwa maduka. Akanijibu bila hata kunitazama: "Hapa waliishi wafuasi wa jeshi tu, hakuna cha maana. Basi linaondoka."

Hakuna cha maana! Nimesimama nyumbani kwa watu, ukuta unanifika gotini, mfereji wa mawe unapita hapo hapo. Miongoni mwa barua za vibao vya mbao zilizoanza kufukuliwa hapo mwaka 1973, iko ya mfanyabiashara wa ng'ambo aliyechapwa viboko. Anamlilia mkubwa, huenda Kaisari Hadrian mwenyewe, kwamba yeye ni mgeni na hana hatia. Miaka kama 1,900 imepita na uchungu wake bado unausoma. Ndio watu hao wasio na maana?

Makumbusho tuliyapita mbio. Nilichowahi kukiangalia vizuri ni viatu: ngozi imegeuka nyeusi, lakini mshono unaonekana, na vimo vya watoto. Udongo wa pale umejaa maji na hauna hewa, ndiyo maana havikuoza. Hapo nilisahau hasira kabisa, mpaka nikasikia honi.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Dereva alikuwa muungwana, alimshika mkono mama mkwe wangu kupanda ngazi, basi ziwe mbili. Lakini nikiyakumbuka yale makofi... hapana, ibaki moja, na hiyo ni ya dereva.

Vindolanda yenyewe nendeni, hata watoto wapelekeni. Ila nendeni wenyewe. Kuna basi la AD122 linalopita huko msimu wa watalii, unashuka, unakaa kijijini utakavyo. Mimi nimeshawaandikia hao jamaa wanirudishie hela. Kimya mpaka leo.