Vitabu vya kusikiliza: angalia kwanza nani anasoma

Aisee mi siku hizi nikitaka kitabu cha kusikiliza naangalia jina la msomaji kwanza, mwandishi baadaye. Maana hadithi nzuri ukimpa mtu anayesoma kama taarifa ya habari ya saa mbili inakufa palepale, ila ya kawaida tu ikipata msomaji anayejua kazi unajikuta umepitiliza kituo na konda anakushangaa.

Namba moja kwangu ni Kobna Holdbrook-Smith, hapo sibishani na mtu. Muigizaji wa Uingereza, kazaliwa Ghana, ndo anasoma ule mfululizo wa Rivers of London wa Ben Aaronovitch, cha kwanza kilitoka 2011. Peter Grant ni askari mdogo wa London, usiku kaachwa alinde eneo la mauaji, shahidi anayejitokeza kumbe mzimu, basi kuanzia hapo anaishia kuwa mwanafunzi wa uchawi ndani ya polisi hukohuko. Sasa mama yake Peter katokea Sierra Leone, na mungu wa mto Thames ni mama wa Kinaijeria, na huyu jamaa kila mmoja anampa lafudhi yake, hawatupi wote kwenye ile lafudhi ya Kiafrika ya sinema ambayo haipo nchi yoyote. Inspekta Nightingale naye anaongea Kiingereza cha wakubwa wa zamani, kila neno limepigwa pasi. Utani anaupitisha kavukavu, hakulazimishi ucheke, ndo maana unacheka.

Kwa wapenda mambo ya anga, Project Hail Mary ya Andy Weir (2021), msomaji Ray Porter. Jamaa anaamka peke yake kwenye chombo huko angani, hakumbuki hata jina lake. Mbele kuna kiumbe anaongea kwa sauti za muziki, na kwenye kusikiliza unazisikia kabisa zile noti, kitu ambacho karatasi haiwezi kukupa. Sisemi zaidi nisikuharibie. Kilibeba tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka 2022 na hakikupendelewa. Ni masaa kama 16 lakini yanaenda.

Robin Miles sasa. Huyu mama ana sauti ya kukukalisha chini. Kasoma The Fifth Season ya N.K. Jemisin, na vitabu vyote vitatu vya mfululizo huo vilishinda Hugo, ile tuzo ya hadithi za sayansi na maajabu, 2016 mpaka 2018 mfululizo. Ila nawaambia mapema, usiianzie kwenye daladala! Majina mengi, dunia ngeni, halafu kuna sehemu mhusika anaitwa "wewe", yani msomaji kama anakusimulia maisha yako mwenyewe, ukipoteza dakika tano unarudi nyuma. Sikiliza usiku umetulia. Ukitaka kumjaribu kwanza chukua kile kitabu kinaitwa Binti, cha Nnedi Okorafor, msichana wa Kihimba (kabila la kule Namibia) anatoroka kwao kwenda chuo sayari nyingine, fupi sana, masaa mawili na nusu hivi, safari moja ya Dar Moro umemaliza.

Zile zenye waigizaji kibao, muziki na milango inabamizwa mi hapana. Wengine mnazipenda najua, tumekulia michezo ya redio, ila kwa riwaya ndefu nachoka, nataka mtu mmoja tu anisimulie.

Kama damu na mazimwi siyo zako, kuna ule mfululizo wa The No. 1 Ladies' Detective Agency wa Alexander McCall Smith, upelelezi wa taratibu kule Botswana, tafuta uliosomwa na Lisette Lecat wa Afrika Kusini. Mma Ramotswe wake, yule mama mpelelezi, mpole, hana haraka, unafaa sana ukiwa unapika. Na sampo ni bure kila mahali jamani, sikiliza dakika tano kabla hujalipa, sauti ikikukera hapo itakukera mpaka mwisho. Bando nalo lioneeni huruma, pakueni kwenye waifai.