Fundi wa sleti aliyekataa kuchonga jina la nyumba yetu

Kibao cha kwanza cha jina la nyumba tulikiagiza mtandaoni: pauni 32, kusafirishiwa bure. Kilifika siku ya nne, nikakifunga pembeni mwa mlango hata sare ya kazini sijavua. Kiliandikwa kwa Kiwelisi, lugha ya huku Wales: Ty'r Derwen, yaani Nyumba ya Mwaloni, kwa kuwa mbele ya nyumba pana mti mkubwa. Jina nililitafsiri kwa simu, na duka halikuuliza neno. Wiki ya pili jirani yetu, bibi aliyezaliwa mtaa huuhuu, alisimama getini akakisoma kimyakimya, kisha akaniambia taratibu: "Cariad, nyumba yako haina paa."

Cariad ni "mpenzi", ndivyo wazee wa huku wanavyomwita kila mtu. Na paa alilolisema ni kile kialama kinachokaa juu ya herufi ya mwisho ya neno nyumba, tŷ. Wao wenyewe wanakiita to bach, paa dogo. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaloni ni derwen, lakini kwa Kiwelisi ni neno la kike, na likitanguliwa na 'r (kama "the" ya Kiingereza) kichwa chake kinabadilika: Tŷ'r Dderwen. Niliona aibu kweli. Sisi tunaokua tukisema mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, tunajua masikio yanavyouma mtu akisema "kiti mzuri". Na hapa Gwynedd, kaskazini-magharibi ya Wales, sensa ya 2021 ilikuta karibu watu 64 kati ya kila 100 wanazungumza Kiwelisi. Postamani anakisoma kibao, watoto wa shule wanakisoma.

Ndiyo nikaenda kwa huyu fundi wa sleti, jiwe linalopasuka mabamba mabamba. Karakana yake iko upande wa Bethesda, chini ya machimbo ya sleti ya Penrhyn, na ni baridi kama friji, vaeni koti. Nilidhani nitaacha jina, nilipe, niondoke. Alikichukua kibao changu, akakilaza juu ya gunia, akashika patasi nyembamba na nyundo ya mbao, akagonga mara chache tu. Vumbi la kijivu likatoka, na juu ya y pakawa na paa. "Hili nimeweza," akasema, "la pili siwezi, herufi haina pa kuingia." Halafu akaniomba picha ya mti.

Haukuwa mwaloni. Ni onnen (ash kwa Kiingereza), mti wa majani madogomadogo yaliyopangwa kama unyoya, na matawi ya juu yalikuwa yameshakauka. Akanieleza kuhusu ugonjwa wa ukungu unaoiua miti hiyo, uliothibitishwa Wales tangu 2012, na kwamba halmashauri na wenye mashamba wanaikata kandokando ya barabara kabla haijaangukia watu. "Nitakuchongea Tŷ'r Onnen ukitaka. Ila jiwe litabaki na mti hautabaki." Akakataa kupokea malipo ya awali. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kabla ya nyumba, hapa paliitwaje?

Hapo ndipo huduma yake inapowapita wote. Alifungua kompyuta yake iliyojaa vumbi tukaangalia ramani za zaka, zilizochorwa hasa miaka ya 1840 wakati zaka ya kanisa ilipogeuzwa kuwa fedha. Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoko Aberystwyth, imeziweka mtandaoni, na kuzitazama ni bure. Kila konde lina namba, na kwenye daftari lake mara nyingi utakuta jina, mwenye ardhi na kilicholimwa. Ilituchukua karibu saa nzima kuilinganisha mito na kuta za mawe. Konde ambalo nyumba yetu imejengwa juu yake liliandikwa Cae'r Ffynnon. Cae ni konde, ffynnon ni chemchemi au kisima.

Nilinyamaza. Nyuma ya jiko letu pana sehemu ambayo kila majira ya baridi maji yanapanda kutoka ardhini yenyewe, na miaka miwili mume wangu amekuwa akipambana nayo kwa kokoto na mabomba. Kumbe chemchemi ndiyo mwenyeji, sisi ndio wageni.

Kibao kipya, cha Cae'r Ffynnon, kilichukua wiki 5 na kuugharimu mfuko wetu pauni 110. Ni sleti ya hapo hapo, rangi ya zambarau iliyokolea, herufi zimechongwa kwa mkono zikaingia ndani kama mfereji. Hakupaka rangi. Mvua ikinyesha, na huku inanyesha, jiwe linakuwa jeusi na jina linatoka waziwazi. Nikipita napenda kuliingiza kidole.

Kasoro zipo. Hapokei kadi. Simu hapokei kabisa akiwa anachonga, utapiga mpaka uchoke. Na skurubu hatoi, ukatafute mwenyewe. Nunua za chuma kisichoshika kutu, za chuma cha kawaida zitashika kutu na kuchirizika kwenye jiwe. Tena namba ya nyumba msiiondoe. Halmashauri ilikubali jina baada ya kuhakikisha hakuna jingine linalofanana nalo jirani, tukalipa ada, lakini namba 7 yetu ipo palepale kwenye anwani.

Msiogope matamshi. Dd yao ni dh ya dhahabu, ff ni f yetu, f yao moja ni v, na w mara nyingi ni u. Cae'r Ffynnon inasomeka karibu na "Kair Fanon". Nilimpigia mama yangu Tanga nikamsomea. Akalirudia mara mbili, akaniuliza maana yake, nikamwambia.

"Konde la Chemchemi," akasema. "Haya, na hayo maji mnayachota?"

Jumamosi iliyopita mume wangu alitoa kokoto zote.